Nani Aitengeneze Nyumba? Historia ya Nyumba za Kukaa Maisha, na Funzo Lake kwa Waislamu wa Bugolobi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyewafanyia waja wake majumba yao kuwa mahali pa utulivu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika mambo yanayowatenga ndugu wa tumbo moja baada ya mzee wao kuiaga dunia, nyumba ndiyo iliyo mbele. Watu wengi hudhani kwamba ugomvi wa nyumba ni ugomvi wa nani airithi. Aghalabu sivyo, kwa kuwa mafungu ya mirathi yamekwisha kugawanywa na Mola mwenyewe, na kila mwenye haki anajulikana. Ugomvi ulio mgumu zaidi huzuka pale mzee alipoacha neno kwamba mkewe, au dada yake, au binti yake mjane, akae ndani ya nyumba muda wote wa uhai wake, na baada yake nyumba iwarudie watoto.

Mwaka wa kwanza hapana neno. Mwaka wa tano mabati yaanza kuvuja, mchwa wapanda katika mbao za paa, na ukuta wa upande wa mvua wafanya ufa. Hapo mama husema: nyumba hii si yangu, wenyewe ni watoto, basi na waitengeneze mali yao. Na watoto husema: sisi hatulali humo wala hatupati kodi hata senti moja, basi akaaye ndiye atengeneze. Kila mmoja ana hoja yenye sura ya haki, na mvua haingoji hukumu. Nyumba huanguka huku wenyewe wangali wakibishana, na mara nyingine huuzwa kwa bei ya kiwanja, mama akatoka na furushi lake.

Jambo hili si geni wala si la Kampala peke yake. Waislamu wameulizana swali hili kwa muda wa miaka elfu na zaidi, katika Baghdad, Istanbul, Unguja na Mombasa, na majibu yao yamehifadhiwa. Ni vyema jamaa wa Bugolobi wayajue.

ASILI YA WAKFU

Asili ya jambo ni ile ardhi ya Khaybar aliyoipata Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.). Alikuwa hajapata kumiliki mali iliyo bora kuliko hiyo, akaenda kwa Mtume (s.a.w.) kutaka shauri. Mtume akamwelekeza aizuie asili yake na kuyatoa matunda yake sadaka. Umar akafanya hivyo, akaweka sharti kwamba ardhi ile isiuzwe, isitolewe zawadi, wala isirithiwe. Na matunda yake yawe ya maskini, na jamaa, na wasafiri, na wengine aliowataja. Akaongeza sharti ambalo wengi hulisahau: msimamizi wake hana lawama akila humo kwa wema, bila ya kujilimbikizia mali.

Yafaa kulitazama sharti hilo kwa makini. Tangu siku ya kwanza Sayyidna Umar alijua kwamba mali iliyozuiwa haijitunzi yenyewe. Mtende wataka maji, na mtu wa kuutia maji ataka chakula. Gharama ya kutunza ilitajwa palepale ilipotajwa sadaka, wala haikuachwa kuja kugombaniwa baadaye na watu ambao hawajazaliwa.

Wanavyuoni waliokuja nyuma walijenga juu ya msingi huo. Mwanachuoni al-Khassaf wa Baghdad, aliyefariki katika karne ya tatu ya Hijra, alitunga kitabu kizima juu ya hukumu za wakfu. Wanavyuoni wa Kihanafi wakashika kanuni kwamba jambo la kwanza kutolewa katika pato la wakfu ni matengenezo yake, hata kama mwenye kuwakifu hakulitaja sharti hilo. Kwa maana makusudio yake ni thawabu isiyokatika, na nyumba iliyoanguka haileti thawabu wala kodi. Mashafii nao, kama ilivyo katika kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, na vitabu vya wafuasi wake, husema kwamba gharama hutoka pale mwenyewe alipoagiza. Asipoagiza, hutoka katika pato la wakfu. Na lisipokuwako pato, mzigo huenda kwenye hazina ya Waislamu.

Kwa hiyo madhehebu yote mawili yanakutana hapa: ukarabati hutangulia, na tumbo hufuata. Anayestahiki pato hangojei fungu lake likatwe; hupata kilichobaki baada ya paa na ukuta kupata haki zao.

NJIA TATU NA MAJIBU MATATU

Lakini kanuni hiyo yatosha pale nyumba ina pato. Je, nyumba isiyo na mpangaji, bali ina mjane tu anayekaa ndani yake? Hapo hapana budi kuuliza kwanza: mjane huyu amewekwa humo kwa njia gani? Watu wa siku hizi hutumia neno moja tu, kwamba amepewa nyumba akae maisha yake. Sheria huona ndani ya neno hilo njia tatu, na kila njia ina jibu lake.

Njia ya kwanza ni hiba ya umri, yaani mtu kumwambia mwenziwe akiwa hai: nimekupa nyumba hii muda wa maisha yako. Waarabu wa zamani walikuwa wakifanya hivyo na kutazamia kwamba nyumba itawarudia. Mtume (s.a.w.) alibatilisha matazamio hayo, katika hadithi iliyopokewa na Jabir (r.a.) imebainishwa kwamba aliyepewa kwa namna hiyo nyumba ni yake, na baada yake ni ya warithi wake. Mashafii na Mahanafi wameshika hivyo. Basi aliyepewa kwa njia hii na akakabidhiwa amekuwa mwenyewe kamili, na gharama zote ni zake, kubwa na ndogo. Watoto wa mtoaji hawadaiwi hata msumari, na wala hawana cha kungojea.

Njia ya pili ni wasia wa manufaa: mtu aandika kwamba baada ya kufa kwake fulani atumie nyumba, hali shina la mali ni la warithi. Wasia huu hauvuki theluthi ya mali, na akiwa anayeusiwa ni mrithi, kama mke alivyo, haupiti ila warithi wenzake waridhie. Tuseme umepita. Nani atengeneze? Jibu la Mashafii ni la ajabu kwa anayelisikia mara ya kwanza: wakipatana, ni vyema, mmoja wao akijitolea, mwenziwe hana haki ya kumzuia, na wakigombana, hapana hata mmoja anayelazimishwa. Mnyama hufa njaa, kwa hiyo chakula chake hulazimishwa juu ya mwenyewe. Nyumba haina roho, kwa hiyo sheria haimshurutishi mtu kuijenga. Msomaji asidhani kwamba wanavyuoni waliacha jambo likining'inia kwa kutojali. Walionyesha wazi kwamba penye mapatano hapahitaji kadhi, na pasipo na mapatano kadhi hana rungu. Mzigo wameuweka juu ya yule anayeandika wasia.

Njia ya tatu ni wakfu wa kukaa: nyumba imezuiwa kabisa, isiuzwe wala isirithiwe, na wanaowakifiwa wamepewa haki ya kukaa tu, mmoja baada ya mwingine. Kitabu cha Hidaya cha Imamu Marghinani wa Fergana, aliyefariki mwaka 1197, kinatoa hukumu iliyo safi kabisa. Matengenezo ni juu ya yule mwenye haki ya kukaa, kwa sababu faida ni yake, na gharama huandamana na faida. Akikataa, au akiwa fakiri asiye na uwezo, hakimu huitoa nyumba kwa kodi, akaitengeneza kwa kodi hiyo, kisha akamrudishia yule yule mwenye haki yake.

Hukumu hiyo ya mwisho yastahili kusomwa mara mbili. Haimtupi mjane fakiri nje, wala haiachi nyumba ianguke juu ya kichwa chake. Nyumba yenyewe hufanya kazi ya kujitengeneza kwa muda, na haki ya mama hungoja wala haifi.

MOTO WA ISTANBUL

Hukumu hii njema ilikuwa na upungufu mmoja. Kodi ya miezi michache hutosha kubadili mbao. Haitoshi kujenga upya nyumba iliyoteketea. Katika Istanbul, mji mkuu wa dola ya Waturuki, nyumba nyingi zilikuwa za mbao na nyingi zilikuwa za wakfu, na mioto mikubwa ilikuwa ikiteketeza mitaa mizima. Wasimamizi wa wakfu wakabaki na viwanja vya majivu na mikono mitupu.

Hapo ndipo ulipokuja mpango ulioitwa ijara mbili. Mpangaji alitoa kwa mara moja fedha nyingi, karibu na thamani ya jengo, na hizo zikajenga nyumba. Kisha akawa akilipa kodi ndogo kila mwaka, alama ya kukiri kwamba shina ni la wakfu. Nyumba zikasimama tena. Lakini mpangaji wa namna hiyo hakuweza kutolewa, na haki yake ikapita kwa watoto wake, na kodi ile ndogo haikupanda thamani ya fedha iliposhuka. Baada ya vizazi kadha wakfu ukabaki na jina, na mpangaji akabaki na nyumba.

Habari hiyo yafundisha kwamba nyumba isiyowekewa akiba ya matengenezo huuzwa, ama mchana kwa hati, ama usiku kidogo kidogo kwa jina la kodi. Katika karne ya ishirini serikali kadha za Waislamu zilichoka na wakfu wa jamaa uliogawanyika kwa mamia ya warithi huku majengo yakioza: Syria iliuondoa mwaka 1949, na Misri mwaka 1952.

UNGUJA NA MOMBASA

Katika pwani ya Afrika ya Mashariki wakfu ulikuwa jambo la kila siku. Katika Mji Mkongwe wa Unguja wenye mali waliwakifu nyumba, maduka na mashamba ya minazi na mikarafuu kwa ajili ya misikiti, na maskini, na vizazi vyao wenyewe. Mwaka 1905, katika zama za Sayyid Ali bin Hamud, iliundwa Kamisheni ya Wakfu, na Makadhi wa Kiibadhi na wa Kisunni wakawamo pamoja na maofisa wa Kiingereza. Kazi yake kubwa ilikuwa kukusanya kodi na kuyatengeneza majengo.

Ili kuielewa kazi hiyo yapasa kuijua nyumba ya Unguja. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Nyumba hiyo ni imara maadamu chokaa ya nje ni nzima na maji hayapenyi paani. Mfereji mmoja ukiziba, maji huingia ukutani. Boriti huoza pale kichwa chake kilipolala ndani ya ukuta, mahali pasipoonekana. Na siku moja dari hushuka pamoja na ukuta. Gharama ya kuzibua mfereji ni kidogo mno, na gharama ya kuirudisha dari ni kubwa kuliko kodi ya miaka mingi.

Basi wakfu mwingi wa Unguja haukuangamia kwa moto kama wa Istanbul. Uliangamia kwa mfereji. Kodi zilikuwa ndogo, wanaokaa walijiona si wenyewe, na wenyewe walikuwa ama wafu ama mbali. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, majumba mengi yakaingia mikononi mwa serikali, na familia kadha zikawekwa katika nyumba moja, kila moja ikijua chumba chake na hakuna ijuayo paa. Mwaka 1985 ikabidi kuundwa mamlaka maalumu ya kuuhifadhi Mji Mkongwe, na mwaka 2000 mji huo uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Mombasa ilikuwa na msiba wa namna nyingine, nao ulitoka mahakamani. Mwaka 1894 Baraza la Mfalme kule London, lililokuwa mahakama ya mwisho kwa makoloni, liliamua katika kesi iliyotoka Bara Hindi kwamba wakfu wa jamaa, ambao maskini hawafikiwi ila baada ya kizazi chote kwisha, si sadaka ya kweli na haufai. Waislamu wa Bara Hindi walilalamika sana, na kwa juhudi za Muhammad Ali Jinnah ikatungwa sheria ya mwaka 1913 ya kuuthibitisha wakfu huo. Lakini sheria ile ilikuwa ya Bara Hindi tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kesi ya wakfu wa jamaa kutoka Mombasa ilifika mbele ya Baraza lile lile, na likashikilia uamuzi wake wa zamani. Kenya nayo ikatunga sheria yake mwaka 1951 ili wakfu wa jamaa usimame.

Habari hii yahusu nini matengenezo ya nyumba? Yahusu sana. Mtu asiyejua kama hati ya babu yake itasimama mahakamani hatoi fedha zake kununua mabati. Hofu ya kunyang'anywa huoza paa mapema kuliko mvua.

DESTURI ZA WENGINE

Si Waislamu peke yao waliohangaika. Wafaransa waliliandika jambo waziwazi katika sheria yao kuu ya mwaka 1804: mwenye haki ya kutumia nyumba maisha yake afanye matengenezo ya kawaida, mwenye shina la mali afanye yaliyo makubwa, nayo ni kuta kuu, boriti na mapaa mazima, na kilichoanguka kwa uzee au kwa ajali, hapana mmoja wao anayelazimishwa kukijenga upya. Mwenye kujua Fiqhi ataona kwamba neno hilo la mwisho linafanana na neno la Mashafii katika wasia wa manufaa.

Waingereza walikwenda njia nyingine. Mwaka 1889 mahakama ya London iliamua kwamba mtu aliyepewa nyumba maisha yake hadaiwi kwa kuiacha ichakae, ila kama hati yake ilimwajibisha kuitengeneza. Kubomoa kwa mkono wake ni kosa. Kutazama ikianguka si kosa. Basi kwa Waingereza pia jambo lote latundikwa juu ya hati. Uganda, iliyorithi mengi katika sheria zake kutoka kwa Waingereza, yafaa ikumbuke hivyo.

KAMPALA NA BUGOLOBI

Uislamu uliingia Buganda pamoja na wafanya biashara wa pwani. Mwaka 1844, katika zama za Kabaka Suuna, Ahmed bin Ibrahim alikuwa amekwisha kufika barazani kwake. Pamoja na dini zikaja hukumu zake za mirathi na za wakfu. Lakini nchi yenyewe nayo ilikuwa na desturi ya kutofautisha kutumia na kumiliki. Mkataba wa mwaka 1900, uliompa Mwana wa Mfalme Nuhu Mbogo maili za mraba 24 kwa ajili yake na wafuasi wake Waislamu, uliwapa pia wakuu wa masaza ardhi ya namna mbili: maili nane za mraba kuwa mali yake mtu mwenyewe, na maili nane za cheo chake. Ya cheo aliila maadamu yumo katika kazi. Akiondoka, alimwachia ajaye. Kila mtu wa Buganda aliyeishi zama hizo alijua ni ardhi ipi mkuu aliipanda miti ya miaka hamsini, na ipi aliilima kwa msimu.

Somo lililo chungu zaidi lilikuja mwaka 1972. Mwezi wa Agosti mwaka huo serikali ya Idi Amin iliwapa Waasia siku 90 waondoke. Nyumba na maduka yao vikawekwa chini ya bodi ya mali za Waasia walioondoka, na watu wakagawiwa wakae. Waliogawiwa hawakujua kama wangekaa mwaka mmoja au kumi. Kodi zilikuwa ndogo. Bodi haikuwa na uwezo wa kufika kila paa. Matokeo yake kila mwenyeji wa Kampala mwenye umri aliyaona kwa macho: rangi iliyopauka, vioo vilivyozibwa kwa maboksi, ngazi zisizo na mikono. Sheria ya mwaka 1982 ilifungua mlango wa kuwarudishia wenyewe, na waliorudi katika miaka ya 1990 walikuta majengo mengi yakiwa magofu yanayokaliwa na watu. Hapana aliyeyabomoa. Yalikosa tu mtu mmoja wa kusema: hili ni juu yangu.

Bugolobi ina somo lake lenyewe, nalo ni la kheri. Maghorofa yanayojulikana na kila mtu mtaani yalijengwa na Shirika la Taifa la Nyumba, ambalo liliundwa mwaka 1964, na waliokaa humo walikuwa wapangaji. Sheria ya Milki za Ghorofa ya mwaka 2001 ilileta njia ya kila mtu kumiliki nyumba yake ndani ya ghorofa kwa hati yake mwenyewe, na wapangaji wakauziwa. Sheria hiyo haikuiacha paa iwe ya hakuna mtu. Ndani ya mlango wake kila mmoja ajitegemee. Na vilivyo vya wote, yaani paa, ngazi, kuta za nje na mabomba makuu, ni juu ya chama cha wenye nyumba, na kila mmoja achange kwa kadiri ya sehemu yake.

Hapa ndipo swali la zamani linaporudi likiwa limevaa nguo mpya. Mathalan, mzee Mwislamu wa Bugolobi amefariki, ameacha nyumba yake ya ghorofani, na warithi wote wameridhia mama yao akae humo maisha yake. Chama cha wenye nyumba kimeleta hesabu ya mchango wa paa. Chama kinamtazama mwenye hati. Hati ni ya warithi. Anayelala chini ya paa ni mama. Bomba la jikoni likipasuka, hapana shaka mama atamwita fundi. Lakini mchango wa paa zima, je? Ikiwa hapana lililoandikwa, mama atasema lake, na watoto watasema lao, na chama kitaandika deni.

Sheria ya nchi nayo imemwangalia mjane. Tangu mwaka 1972 Sheria ya Mirathi ya Uganda ilitambua haki ya mjane na watoto wadogo ya kubaki katika nyumba aliyokuwa akikaa marehemu, na marekebisho ya mwaka 2022 yameitia haki hiyo nguvu zaidi. Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 129, imezitaja mahakama za Makadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na ulezi. Kwa hiyo haki ya mama kukaa ina kinga. Lakini kumkinga mama asitolewe ni jambo moja, na kumkinga asinyeshewe ni jambo jingine.

YALIYO BORA KUANDIKWA

Historia yote iliyotajwa yaelekea mahali pamoja. Nyumba za Waislamu hazikuanguka kwa sababu sheria ilikosa jibu. Zilianguka kwa sababu aliyezitoa alitaja nani atakaa na nani atarithi, akanyamaza juu ya nani atatengeneza. Mwenyezi Mungu amewaamrisha waumini kuandika deni hata likiwa dogo, na Mtume (s.a.w.) amehimiza kwamba mwenye jambo la kuusia asilale usiku mara mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa. Paa ni deni linalokuja kila masika na kila vuli.

Basi mwenye kukusudia kumwacha mtu akae ndani ya nyumba yake, na ataje mambo haya mbele ya mashahidi na kwa msaada wa shekhe na mwanasheria.

Kwanza, ataje njia yenyewe: ni hiba, ni wasia, au ni wakfu. Akisema maneno ya hiba hali moyoni ana wasia, amewaachia watoto wake kesi. Na akiusia kwa mrithi, achukue ridhaa ya warithi wengine, na ithibitishwe tena baada ya kufa kwake, kwa kuwa hapo ndipo ridhaa yao inapokuwa na nguvu.

Pili, ayagawe matengenezo. Madogo ya kila siku, kama vile kitasa, kioo, bomba la ndani, rangi ya ndani na kuzibua mfereji, yawe juu ya anayekaa. Makubwa, kama vile paa zima, kuta kuu, na mchango wa chama cha ghorofa, yawe juu ya warithi kwa kadiri ya mafungu yao, au yatoke katika akiba iliyotajwa.

Tatu, aitaje akiba hiyo. Chumba kimoja cha uani chenye mpangaji, kilichoandikwa kwamba kodi yake ni ya paa tu, kinaokoa nyumba nzima. Huo ndio mtende wa Khaybar: sehemu ya matunda humwendea yule anayeutunza mti.

Nne, aeleze la kufanya anayekaa akishindwa. Hukumu ya Hidaya yatosha kunakiliwa: nyumba au sehemu yake ipangishwe kwa muda, itengenezwe kwa kodi hiyo, kisha mwenye haki arudishiwe haki yake. Na huyo wa kupangisha atajwe kwa jina, pamoja na wa kumfuata akifa.

Tano, aseme ya mwenye kujitolea. Mtoto mmoja akibadilisha mabati yote kwa fedha zake, je, ni sadaka kwa mama yake, au ni deni atakalolipwa nyumba itakapogawanywa? Ndugu wengi waliopendana wameachana mkono juu ya swali hili moja, kwa kuwa aliyetoa alinyamaza siku ya kutoa, akasema siku ya kugawanya.

Na wale ambao mzee wao amekwisha kutangulia bila kuandika? Kwao lipo neno la Mashafii: wakipatana, ni vyema. Na wakae pamoja kabla ya msimu wa mvua, mama akiwa amekaa mbele yao, wayaandike mambo hayo matano kwa mikono yao wenyewe, kila mmoja atie sahihi. Mama aliyewalea bila kuwadai hesabu ya maziwa si wa kudaiwa hesabu ya mabati na watoto wenye uwezo; kwa maana mbali na hukumu ya nyumba iko hukumu ya wazazi, na hiyo haihitaji hati.

Chama cha Waislamu nacho kina nafasi yake. Wanavyuoni walisema kwamba wakfu usio na pato gharama yake huenda kwenye hazina ya Waislamu. Hazina kuu haiko leo, lakini jamaa wa mtaa mmoja wakiweka kisanduku cha mapaa ya wajane, wamesimama mahali pake kwa kadiri ya uwezo wao, na ujira wao uko kwa Mola.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba za Waislamu wa Bugolobi na wa Uganda yote, awarehemu waliozijenga, na awape waliobaki moyo wa kusema: hili ni juu yangu. Wabillahi taufiki.